Mita Thelathini na Nne

Nilipewa michezo kwa sababu nilifika shuleni nimevaa raba. Hakukuwa na sababu nyingine. Chuoni nilisomea Kiswahili na Maarifa ya Jamii, na raba nilizivaa kwa kuwa mvua ilinyesha kutwa na njia ya kupandia shuleni ilikuwa tope tupu. Mwalimu mkuu alinitazama miguuni, akasema, "Huyu dada atatufaa kwa michezo," na walimu wenzangu wakacheka kama watu waliotuliwa mzigo. Na mimi nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Shule iko Muleba, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka nyumbani kwetu Kishanda. Imejengwa pale vibanja vya migomba vinapoishia na rweya inapoanza, ile nchi ya nyasi tupu ambako watu hukata nyasi za kutandaza chini ya migomba yao. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha rweya hiyo, mpana, umeinama kidogo upande mmoja, na kichuguu kimoja ambacho kila mwaka tulikivunja na kila mwaka kilirudi.

Kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini, michezo ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho. Ukweli ni kwamba Ijumaa kipindi cha mwisho watoto walikwenda kukata nyasi. Walizifunga mizigo, wakazibeba kichwani hadi kwenye shamba la migomba la shule, na mara nyingine, nisifiche, hadi kwenye shamba la mwalimu mkuu. Yeye hakuona tatizo. "Mtoto wa hapa anapanda vilima kuja shule," aliniambia, "na akirudi nyumbani anashuka kuchota maji. Sasa wewe unataka akimbie aende wapi?" Maneno yake yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mtihani wa somo ulikuwepo hata hivyo. Nilichora kiwanja cha mpira wa wavu ubaoni kwa chaki, watoto wakanakili kwenye madaftari, wakakariri idadi ya wachezaji na urefu wa wavu. Wakafaulu vizuri kuliko Hisabati. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa mpira wenyewe.

Msichana ninayetaka kumweleza nilimwona siku ya nyasi. Alikuwa darasa la sita mwishoni. Wenzake walishuka kutoka rweya wakitembea, wanagombana na kusukumana. Yeye alishuka mbio, mzigo kichwani, bila kuushika, na shingo yake haikutikisika. Alifika shambani, akautua, akarudi juu mbio kumsaidia mwenzake ambaye mzigo wake ulikuwa umefunguka. Nilisimama pale na fimbo yangu ya kuhesabia mizigo na nikasahau nimefika mzigo wa ngapi.

Darasani hakuwa na kitu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema ofisini, kwa sauti, tukinywa chai. Hisabati alipata sifuri mara nyingi hadi ikawa utani. Kiswahili alikiandika kama walivyoongea kwao, nusu Kihaya, na mimi mwenyewe nilimkata alama kwa kalamu nyekundu bila huruma. Kila mwalimu alijua atafeli darasa la saba, na yeye alijua. Alilelewa na bibi yake, wawili tu, kwenye kibanja kidogo chenye migomba iliyozeeka. Baada ya kufeli angebaki pale pale na jembe.

Mwaka uliofuata, alipoingia la saba, tuliitwa walimu wa michezo kwenye kikao. Afisa michezo akatuambia kwamba kwenye mashindano ya mkoa, Bukoba mjini, watakuja watu wa shule moja ya bweni kutafuta wasichana wa riadha. Watachukua watatu wa kwanza wa mita mia nne, watawasomesha sekondari bila ada, na hawatatazama sana matokeo ya darasa la saba. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na moyo mwepesi kuliko siku yoyote tangu nianze kazi.

Nilikwenda kwa bibi yake. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Akasema msichana hawezi kukimbia mapaja nje mbele ya wanaume, na nani atamletea maji. Nikazungumza, nikabembeleza, nikamsaidia hata kumenya. Mwisho akaweka kisu chini. "Waitu mwalimu," akasema, kwa ile heshima yetu ya Kihaya ambayo hata mtoto mdogo unaweza kumpa, "akikimbia atasoma?"

Nikamwambia atasoma. Sikusema huenda. Nilisema atasoma.

Basi nikahitaji uwanja wenye mita mia nne. Shuleni hapakuwa na futi ya kupimia zaidi ya rula ya ubaoni, ya mbao, ya mita moja, iliyoegemea kabati ofisini. Kupima duara la uwanja mzima kwa rula ni kazi ya wiki. Nikakumbuka kamba ya baba.

Marehemu baba yangu alikuwa na kamba ya kupandia kahawa. Kwetu kila mtu mwenye mibuni ya mistari alikuwa nayo au aliiazima kwa jirani: kamba ndefu ya katani, ina mafundo, na kwenye kila fundo kitambaa chekundu. Unaivuta kutoka mwisho wa kibanja hadi mwisho, unachimba shimo penye fundo, na mibuni inakaa sawa. Mabwana shamba wa siku hizi wanatuambia mti hadi mti ni mita tatu. Kwa hiyo nikajua, kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kwamba fundo hadi fundo ni mita tatu. Kamba ilikuwa na nafasi ishirini, mita sitini. Nikaipitisha uwanjani mara sita na kipande, watoto wakishika ncha, nikapigilia vigingi. Nilijiona nimetumia akili ya nyumbani kutatua shida ya shule, na nilimsimulia kila aliyenisikiliza.

Rula ile ya mita moja iliendelea kuegemea kabati. Ningeweza kuiweka kati ya mafundo mawili kwa dakika moja.

Tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya wanafunzi kupanga mstari, na Ijumaa, wenzake wakimbebea mizigo yake ya nyasi. Walikubali wenyewe, walimpenda. Nilishika simu yangu, nikabonyeza, akakimbia bila viatu raundi moja kutoka kigingi hadi kigingi. Nilimfundisha nilichokuwa nimesoma kwenye simu hiyo hiyo: usimalize nguvu zote mwanzoni, zigawe, mwisho wa raundi usibakiwe na kitu. Alinisikia kwa namna ambayo darasani hakuwahi kumsikia mtu. Baada ya mwezi alijua mwili wake kiasi kwamba alifika kigingini na kuanguka, kila kitu kimeisha, kisha akainuka anacheka. Simu ilisema sekunde sitini na tano.

Nilimpigia afisa michezo. Aliposikia muda huo, akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena katika kazi hii.

Mashindano ya kata yalifanyika kwetu kwa kuwa uwanja wetu ndio uliokuwa mpana. Alishinda bila jasho. Baada ya hapo ingekuwa mashindano ya wilaya, lakini mwaka ule hapakuwa na gari la kukusanya watoto wote, kwa hiyo wilaya ikaunda timu kwa karatasi. Kila kata iliandika muda wa washindi wake, ikapeleka, wenye muda mzuri wakachaguliwa. Karatasi yetu ilikuwa ya kwanza. Kulikuwa na msichana mwingine, wa upande wa Nshamba, aliyewakilisha wilaya mwaka uliotangulia, na safari hii muda wake ukaonekana hafifu ukilinganishwa na muda wetu. Aliachwa. Nilisikia habari hiyo nikasema ndiyo michezo.

Bukoba tulilala kwenye madarasa ya shule moja kule Bakoba, mikeka sakafuni, wasichana huku, wavulana kule. Msichana hakuwa amewahi kufika mjini. Nilitaka kumwonyesha ziwa, akasema atalitazama baada ya kukimbia.

Asubuhi aliposimama mstarini alinigeukia kwa wasiwasi. Kwenye uwanja wa kweli wakimbiaji wa mia nne hawasimami sambamba. Aliye njia ya nje huanza mbele. "Madamu," akasema, "mbona wale wametangulia?" Nikamwambia atawakuta, akimbie kama nyumbani.

Akakimbia kama nyumbani. Sijui niseme nini kingine. Aliondoka vizuri, akazigawa nguvu zake kama nilivyomfundisha, kona ya kwanza akampita mmoja, upande wa pili akawapita wawili, na alipotoka kona ya mwisho alikuwa mbele ya wote kwa hatua nne au tano. Nilikuwa ninapiga kelele hadi sauti ikakatika. Watu wa shule ile ya bweni walikuwa wamekaa karibu yangu, na mama mmoja kati yao aliandika kitu kwenye daftari lake.

Kisha, utepe uko pale mbele, mwili wake ukaisha. Hakujikwaa. Hakushika ubavu. Magoti yalianza kupanda polepole, mikono ikashuka, na uso wake ukawa wa mtu anayeshangaa, kama aliyefika nyumbani akakuta nyumba imesogezwa. Wakampita mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Alivuka mstari akiwa wa tano, akitembea. Yule mama akafunga daftari.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye nyasi. "Madamu," akasema, "nilidhani nimefika."

Hapa ndipo nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu huwa ninaguna kwa sauti. Nilikuwa nimejisifu kwa afisa, kwa mwalimu mkuu, kwa bibi yake. Hasira ilinipanda. Nikamwambia, mbele ya timu nzima, kwamba aliridhika mapema. Kwamba alilegea. "Umeniaibisha," nikamwambia. Aliinamisha kichwa, na safari yote ya kurudi Muleba alikaa siti ya nyuma. Ziwa hatukwenda kulitazama.

Wiki tatu baadaye mama yangu aliulizia ile kamba. Alikuwa amepewa miche mipya ya kahawa. Nikamletea, na bwana shamba kijana akaja na futi yake, akaivuta kati ya mafundo mawili, akasema hii haifai, mama, ni fupi. Mama akamjibu kwa Kihaya kwamba si fupi, ni ya zamani. Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo baba yako aliifunga kwa futi," akasema. "Futi tisa, futi tisa. Mita ninyi mmezileta juzi."

Futi tisa hazifiki mita tatu. Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bukoba kununua futi ya mita hamsini kwenye duka la vifaa la mzee mmoja wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki, ambaye Kihaya chake ni kizuri kuliko changu. Aliniuliza ninajenga. Nikasema ninajenga. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilipima uwanja peke yangu, nikipigilia ncha ya futi kwa msumari na kurudi na kwenda. Raundi yetu haikuwa mita mia nne. Ilikuwa mita mia tatu sitini na sita. Zilipungua thelathini na nne. Nilihesabu kwa hatua nikiwaza ule uwanja wa Bukoba, kutoka kwenye utepe kurudi nyuma, hadi pale mikono yake iliposhuka. Palikuwa pale.

Hakuwa amelegea. Alikimbia kila mita niliyompa, na alizimaliza mbele ya wote.

Nilimwambia mwalimu mkuu Jumatatu. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akafunga mlango. "Muda ulipelekwa wilayani kwa muhuri wa shule," akasema. "Ukisema, wa Nshamba nao watasema. Tutaandikiwa barua sote. Na yule mtoto utakuwa umemsaidia nini?" Nikasema atajua kwamba hakukosea. "Atajua," akasema, "kisha?" Natamani ningesema alinitisha, lakini hakunitisha. Alinipa sababu na nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilijaribu mara moja. Nilikwenda kwa bibi yake jioni, nikamkuta msichana anatandaza nyasi. Bibi alinikaribisha vizuri mno. Aliniambia ameshamgombeza mjukuu wake kwa kumwangusha mwalimu aliyejitolea hivyo, na akanipa mkungu wa ndizi niondoke nao. Msichana aliubeba hadi kwenye bodaboda, akaufunga kwa mpira, hakuniangalia usoni. Nilikuwa na maneno. Nikasema, "Soma kwa bidii, mtihani umekaribia." Alijibu ndiyo Madamu. Sote wawili tulijua mtihani utakuwaje.

Ukawa hivyo. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa, na hakuna aliyeshangaa.

Mwaka uliofuata nilihamisha vigingi bila kumwambia mtu. Ilinibidi, sikuweza kurudia kosa lile tena nikilijua. Lakini watoto waliozoea uwanja wa zamani wakaanza kupata muda mbaya, wote, hata waliokuwa wazuri. Waliangalia simu yangu, wakaangaliana. Walifikiri wamekuwa wazembe. Mmoja aliniuliza kama anaumwa. Nikasema mazoezi yamepungua, wakaongeza mazoezi, muda ukabaki mbaya, na mmoja mmoja wakaacha kuja. Kufikia muhula wa pili Ijumaa ilikuwa ya nyasi tena kwa wote. Halafu kamati ya shule ikaamua upande ulioinama upandwe mikaratusi, na nilipoulizwa kama mwalimu wa michezo nina pingamizi, nikasema sina.

Niliomba uhamisho, nikapata Bukoba mjini. Shule ninayofundisha sasa ina uwanja ambao ukirusha mpira unaangukia kwenye paa la mtu. Ninafundisha michezo ubaoni na watoto wanafaulu.

Mwaka jana nilikuwa ninakwenda nyumbani kwenye msiba, nikashuka Nshamba kununua sukari na sabuni za kupeleka. Nilikuwa nimeshika mfuko nikitafuta bodaboda niliposikia mtu ananiita Madamu. Nilimjua kwa shingo kabla ya uso. Alikuwa ameweka ndizi zake chini kwenye gunia, mafungu mafungu, na mtoto wa kike wa miaka kama miwili amekaa kando yake. Alitoka nyuma ya ndizi, akapiga magoti kunisalimu, pale pale barabarani, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya bado. Nikaitikia. Nikamuuliza habari za bibi, akasema alishatangulia. Nikampa pole. Nikangoja ainuke, hakuinuka.

"Madamu," akasema, "siku nyingi natafuta kukuona. Ile siku ya Bukoba nilikukosea sana. Ulinifundisha vizuri, ukaja mpaka nyumbani kwetu, mimi nikalegea. Bibi alikufa ananiambia nikikuona nikuombe msamaha."

Watu walikuwa wanapita, mama mmoja alikuwa anauliza bei ya ndizi, na mtoto alikuwa amemshika mama yake bega akinitazama. Mama yake alikuwa ameinua uso anangoja. Nilifungua mdomo. Nilijua neno la kwanza na la pili na yote yaliyofuata, nilikuwa nimeyarudia kwa miaka.

Nikamshika mkono, nikamwinua, nikamwambia nimeshamsamehe.